Machozi ya yule mwanamke hayakuwa malipo

Bwana Yesu asifiwe, dada yangu wa Nkuhungu. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa shambani Hombolo, nimekaa chini ya mti nikisubiri jua lipungue. Nitaurudia kwa ufupi ili wengine watakaosoma jibu hili wajue tunazungumza nini. Majina nimeyaacha, kama ulivyoomba.

Umesema katika ibada ya nyumba kwa nyumba mlisoma Luka 7:36-50, habari ya mwanamke mwenye dhambi aliyempaka Yesu marhamu, yaani mafuta ya manukato, miguuni nyumbani kwa Simoni Mfarisayo. Kiongozi wenu akafundisha kwamba mwanamke yule alisamehewa kwa sababu alilia na kwa sababu alimwaga kitu cha gharama, marhamu ya dinari 300, na kwamba anayetaka kusamehewa naye alete chupa yake, yaani sadaka. Hilo likakukaa kooni. Wewe umezaliwa kanisani, baba yako alikuwa mwinjilisti, ukabatizwa mtoto, ukapata kipaimara, ukafunga ndoa madhabahuni. Hujawahi kulia kwenye ibada. Umeniuliza hivi: "Mwalimu, kama machozi ndiyo yaliyomletea msamaha, mimi nisiye na machozi nimesamehewa kweli? Na kama asamehewaye kidogo hupenda kidogo, ina maana mimi niliyekulia kanisani nimeandikiwa kupenda kidogo mpaka nife?"

Halafu mwishoni, kama mgeni anayetoa lililomleta akiwa amekwisha kushika kitasa cha mlango, ukamtaja yule mama aliyeokoka mwaka jana. Zamani alikuwa na kilabu, akipika na gongo kwa siri. Sasa anakaa benchi la mbele, anapiga vigelegele mpaka mhubiri anasimama kidogo, anapiga ngoma, analala kifudifudi sakafuni, na baadhi ya akina mama wanasema anajionyesha. Na kaka yako alikuwa mteja wake. Aliuza pikipiki yake ya bodaboda kwa ajili ya kile kilabu, mke akaondoka, sasa yuko kwa wazazi Bahi. Umeandika, "Akianza kulia, mimi namwona kaka yangu."

Nakushukuru kwa kuliandika hilo. Ungeliacha, ningekujibu swali la darasani tu.

Tuanze na nyumba ya Simoni, maana tafsiri yetu ya Kiswahili inasema Yesu "aliketi chakulani" na sisi tunaona meza na viti. Neno la Kiyunani ni la mtu aliyeegama. Katika karamu za namna ile wageni waliegemea kiwiko cha kushoto, kichwa kikielekea chakula, miguu ikiwa nyuma, mbali na sahani. Ndiyo maana Luka anasema mwanamke alisimama nyuma, karibu na miguu. Hakupita chini ya meza. Wafafanuzi wengi wanaeleza pia kwamba mwalimu mgeni akialikwa, watu wa mji waliweza kuingia na kusimama ukutani wakasikiliza mazungumzo. Kuingia kwake hakukuwa uvamizi. Kilichoshtua watu ni alichofanya baada ya kuingia: alifungua nywele zake mbele ya wanaume, akagusa miguu ya mwalimu, na hakuacha.

Mwanamke huyu hana jina, na tafadhali tusimpe. Wengi wanamwita Mariamu Magdalene. Jambo hilo lilipata nguvu katika Kanisa la Magharibi kwa mahubiri ya Papa Gregori Mkuu mwaka 591, aliyewaunganisha wanawake watatu kuwa mmoja. Luka mwenyewe anamtaja Magdalene katika sura ya 8, kama mtu mpya, bila kumhusisha na huyu. Wala Luka hasemi dhambi yake ilikuwa ipi. Anasema "mwenye dhambi" anaishia hapo. Sisi tunaongeza "kahaba" kwa sababu akili zetu hazina subira.

Na bei ya marhamu? Luka haitaji. Dinari 300 ziko katika Marko 14 na Yohana 12, na hiyo ni habari nyingine, ya Bethania karibu na Pasaka, yenye watu wengine na mjadala mwingine. Kiongozi wenu, bila nia mbaya naamini, amechukua bei ya Bethania akaibandika kwenye chupa ya Galilaya, kisha akaitumia kupandisha sadaka. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu nimelisikia mara nyingi mno, na siku hizi limekuwa wimbo: leta chupa yako, vunja marimari yako, ndipo mbingu zitafunguka. Msome Luka tena. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyeambiwa alete chochote. Anayeulizwa alileta nini ni mwenye nyumba.

Sasa mstari wenyewe uliowasumbua. Luka 7:47 kwa tafsiri yetu: "Amesamehewa dhambi zake ambazo ni nyingi, kwa kuwa amependa sana." Ukisoma sentensi hiyo peke yake, kiongozi wenu yuko sahihi. Alipenda, kwa hiyo akasamehewa. Upendo umetangulia, msamaha umefuata kama mshahara. Katika mabishano ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, Wakatoliki na Waprotestanti walipogawanyika, mstari huu ulivutwa huku na huku kama ngozi mbichi. Leo wafafanuzi wengi, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wanausoma kinyume na kiongozi wenu, na sababu yao inaeleweka hata bila Kiyunani.

Wewe ni mtu wa Dodoma, kwa hiyo nikuulize. Uko kijijini, mwezi wa kwanza, kwenu hapajadondoka tone. Mchana unakwenda kuvuka korongo, unakuta maji mekundu yanashuka kwa kishindo, yamebeba matawi. Unarudi unamwambia jirani, "Mvua imenyesha kubwa kule mlimani, kwa kuwa korongo limejaa." Jirani atakwambia umekosea? Atafikiri umesema korongo ndilo lililonyesha mvua? Hawezi. Anajua kwamba "kwa kuwa" yako haielezi kilicholeta mvua. Inaeleza umejuaje. Mvua ilikuja kwanza, mbali, bila wewe kuiona, na korongo ndiyo habari yake.

"Kwa kuwa" ya Yesu ni ya namna hiyo. Na tunajua kwa sababu amekwisha kutoa mfano dakika moja kabla. Wadeni wawili, mmoja anadaiwa dinari 500, mwingine 50. Wote hawana cha kulipa. Mkopeshaji anawasamehe wote wawili. Kisha swali: ni yupi atakayempenda zaidi? Angalia mpangilio. Kwanza msamaha, halafu upendo. Kama Yesu angetaka kusema upendo ndio unaonunua msamaha, mfano wake ungekuwa wa ajabu, maana ndani yake hakuna mdeni aliyepata kumpenda mkopeshaji kabla deni halijafutwa. Na nusu ya pili ya mstari uleule inaufunga mjadala: "asamehewaye kidogo, huyo hupenda kidogo." Hakusema apendaye kidogo husamehewa kidogo.

Kiyunani kinaongeza mambo mawili ambayo sikuweza kujizuia kuyaleta, nisamehe, ni ugonjwa wa waliofundisha Agano Jipya muda mrefu. La kwanza, "amesamehewa" iko katika hali ya tendo lililokwisha kutendeka na matokeo yake bado yapo. Ni kama tunavyosema "ameolewa", hatumaanishi sasa hivi. La pili ni zuri zaidi. Luka anaposema machozi yake yaliilowesha miguu ya Yesu, kitenzi alichotumia ndicho hichohicho Mathayo 5:45 inachotumia kusema Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mwanamke yule aliinyeshea miguu. Kwa hiyo nilipochagua korongo sikwenda mbali sana na Luka.

Utauliza, kama alikwisha kusamehewa, mbona katika mstari wa 48 Yesu anamgeukia na kumwambia, "Umesamehewa dhambi zako"? Kwa sababu chumba kizima hakikuwa kimesikia. Mji ulimjua kwa jina moja tu, na Simoni moyoni alikuwa akilirudia jina hilo. Mtu anaweza kuwa amefutiwa kesi na bado mtaani anaitwa mwizi mpaka hakimu asome hukumu kwa sauti. Kisha mstari wa 50: "Imani yako imekuokoa." Yesu alikuwa na nafasi ya wazi ya kusema machozi yako yamekuokoa, au marhamu yako. Vyote vilikuwa bado miguuni pake, vimelowa. Akasema imani.

Nikuambie habari ya mama yangu. Mwaka mmoja wa njaa, nikiwa darasa la nne, mvua zilikatika mwezi wa pili, uwele ukakauka ukiwa magotini. Mama alikopa dukani unga, chumvi, mafuta ya taa, mpaka ukurasa wetu katika daftari la mwenye duka ukajaa, akaendelea upande wa pili. Hatukuwa na cha kulipa. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuuzwa. Siku moja mwenye duka alichukua kalamu akapiga mstari kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, akasema, "Mama, nenda." Sijui kwa nini alifanya hivyo. Kwa wengine hakufanya, na wapo waliomchukia kwa hilo.

Mwaka uliofuata tulivuna. Mama akanibebesha debe la uwele, yeye akabeba jingine, tukaenda dukani. Yule mzee alipotuona alikunja uso, akasema, "Nilikwambia deni limekwisha, unanilipa nini?" Mama akajibu, "Silipi. Nimeleta." Akayaweka madebe chini akatoka. Aliendelea kupeleka karibu kila mavuno mpaka yule mzee alipohama. Mimi nilikuwa nabeba na nilikuwa nanung'unika, maana debe lilikuwa zito na nilijua hesabu: mpaka mwaka wa tatu tulikuwa tumepeleka zaidi ya tulichodaiwa. Nilipomwambia mama hesabu yangu alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

Kilio cha yule mwanamke ni "nimeleta". Kiongozi wenu amekisikia kama "nalipa".

Nadhani hili linajibu nusu ya swali lako, lakini najua ile nusu nyingine ndiyo inayouma. Wewe siyo mdeni wa 500. Sawa. Tuchukue 50.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kama ilivyo katika Mathayo 20 kwenye habari ya vibarua wa shamba la mizabibu. Mimi nina ekari moja ya zabibu, na kila msimu naajiri vibarua, kwa hiyo hesabu hizi naziona kwa macho. Dinari 50 ni kazi ya miezi miwili hivi, ukitoa siku za mapumziko. Dinari 500 ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Tofauti ni kubwa. Lakini kuna maneno Yesu aliyatia katikati, na watu wanayaruka: "walipokuwa hawana cha kumlipa." Wote wawili. Mwenye 50 hakuwa na 50. Hakuwa na 20. Mkononi mwake mlikuwa na kiasi kilekile kilichokuwa mkononi mwa mwenye 500, yaani hakuna. Kisimani, kamba ya ndoo ikipungua pima moja au ikipungua pima kumi, ndoo inarudi kavu. Mwenye kamba iliyopungua pima moja ana shida ya ziada: anajiona amekaribia.

Na kitenzi cha "aliwasamehe" katika mstari wa 42 kimetoka kwenye shina la neno neema. Aliwapa bure. Katika Kiaramu, lugha aliyozungumza Yesu, neno moja, hoba, lilibeba maana ya deni na ya dhambi pia. Ndiyo maana Sala ya Bwana katika Mathayo inasema "utusamehe deni zetu" na Luka anaandika "dhambi zetu". Kwa hiyo Simoni aliposikia wadeni wawili, alielewa vizuri sana kinachozungumzwa. Jibu lake lina uchovu wa mtu aliyeona anapelekwa wapi: "Nadhani ni yule ambaye alimsamehe nyingi." Nadhani! Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, naye anasema nadhani.

Yesu hakusema Simoni ana dhambi kidogo. Alisema asamehewaye kidogo hupenda kidogo, na kidogo hicho ni kile ambacho Simoni alikuwa tayari kukipokea. Mtu huwezi kumfutia deni ambalo anakataa kwamba analo. Kwa hiyo hukuandikiwa kupenda kidogo, dada yangu. Aliyekulia kanisani haishiwi na vitu vya kusamehewa. Ana vichache vya kusimuliwa kwenye ushuhuda, basi. Kiburi, wivu, ubaridi, ulimi, kumhesabia mtu mwingine sakafuni alipolala: hivi havina ushuhuda wa kuvutia, hakuna anayepiga makofi ukivitaja. Lakini vimo ndani ya 50. Umeniandikia kimoja wewe mwenyewe bila kulazimishwa, na mtu anayefanya hivyo hayuko mbali.

Kuhusu machozi nitapita haraka, maana hapa huna tatizo. Luka ndiye aliyetuletea mwanamke anayelia, na Luka huyohuyo ametuletea wengine ambao hawakudondosha hata chozi moja. Mama mkwe wa Simoni Petro aliponywa homa akainuka akawatumikia. Alipika, kwa lugha yetu. Lawi alifanya karamu kubwa. Mkoma mmoja kati ya kumi alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, naye alikuwa Msamaria. Zakayo alishuka mtini kwa furaha akagawa nusu ya mali. Hao wote Yesu aliwapokea kama walivyokuja. Unaposema huwezi kulia, sina cha kukuponya. Mama yangu hakulia dukani.

Ila tazama Yesu alimwuliza Simoni nini. Hakumwuliza machozi. Alisema: niliingia nyumbani kwako, hukunipa maji kwa miguu yangu, hukunipa busu, hukunipaka kichwa changu mafuta. Maji, salamu, mafuta ya kawaida ya zeituni. Huku kwetu unajua uzito wa la kwanza. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili zikiwa na huruma, na zamani ndoo moja ya maji ilikuwa asubuhi nzima ya mwanamke. Hata hivyo mgeni akitoka kwenye vumbi la barabara, maji yalitoka. Hata nyumba isiyo na mboga zaidi ya mlenda, maji yalitoka, na salamu ya mbukwenyi ikasemwa taratibu mpaka ikaisha. Simoni hakuwa mkorofi. Alimwalika Yesu, alimwita Mwalimu, alimpa chakula. Alibana vile vitu vidogo ambavyo mtu humpa mgeni aliyemfurahia kweli. Mwanamke alivitoa vyote vitatu, kila kimoja kwa namna ya kupitiliza: badala ya maji machozi, badala ya busu la shavuni busu za miguuni, badala ya mafuta ya kichwa marhamu ya miguuni.

Kwa hiyo kama unatafuta ibada ya shukrani ya mtu asiyelia, imo mlemle katika aya. Ni maji.

Na hapa ndipo tunafika kwa yule mama wa benchi la mbele, na siwezi kukuficha kwamba nilikuwa naogopa kufika. Luka anaandika hivi: Yesu akamgeukia mwanamke, akamwambia Simoni, "Wamwona mwanamke huyu?" Uso kwa mwanamke, maneno kwa Simoni. Simoni alikuwa amemtazama muda wote. Aliona dhambi yake, aliona nywele, aliona aibu ya nyumba yake. Moyoni alisema kama huyu angekuwa nabii angemtambua mwanamke huyu ni nani. Na Yesu anamwuliza, unamwona?

Hao akina mama wanaosema anajionyesha, siwezi kuwahukumu, sipo hapo. Vigelegele vinavyokatisha mahubiri vinaweza kuzungumzwa kwa upole na mchungaji, si dhambi kumwambia mtu asubiri nukta. Lakini ngoma? Wanawake wa Kigogo wamepiga ngoma wakiwa wamezibana katikati ya magoti tangu bibi zetu hawajazaliwa. Wamisionari walioweka kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870, na waliowafuata, waliiona ngoma kama kitu cha kuachwa nje ya mlango. Ilichukua muda mrefu kuingia. Sasa imeingia, na leo kwaya zetu za Kigogo zinajivunia. Ingekuwa ajabu tuirudishe nje kwa sababu ya mpigaji.

Lakini wewe huna ugomvi na ngoma. Wewe unamwona kaka yako.

Nikwambie nisichoweza kukwambia. Siwezi kukwambia kwamba Mungu akishamsamehe, basi na wewe umeshamsamehe. Hayo ni mambo mawili. Habari yetu inaonyesha hivyo pia: Yesu anamwambia mwanamke "enenda kwa amani", na mwanamke anatoka nje, kwenye mji uleule. Luka haandiki kama kuna mtu aliyempokea. Haandiki kama kulikuwa na mke fulani mlangoni ambaye mume wake alipotelea kwa mwanamke huyu, amesimama anamtazama anavyopita na nywele zimelowa. Huenda alikuwepo. Kama alikuwepo, maumivu yake yalikuwa ya kweli, na msamaha uliotamkwa ndani ya nyumba haukumrudishia chochote usiku ule.

Kwa hiyo sikuambii usahau pikipiki. Zakayo aliposema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, hakuna aliyemwambia acha, umeshasamehewa. Una haki ya kukaa na yule mama, wewe na mtu mmoja mzima mnayemwamini wote wawili, ukamwambia jina la kaka yako. Pengine hajui kwamba wewe ni dada yake. Pengine anajua, na ndiyo sababu anakaa mbele, asikuone. Sijui. Najua tu kwamba kumtazama mgongo wake kila Jumapili hakujakusaidia.

Lakini kuna kitu kimoja nakuomba ukiache, nacho ni kutumia kilio chake kama ushahidi dhidi yake. Korongo limejaa, dada yangu. Unaweza kuwa na hasira kwamba mvua imenyesha kwa jirani na kwenu bado, ni hasira ninayoielewa. Usiseme tu kwamba haikunyesha. Yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, alisimama nje na hesabu yake ya miaka mingi ya utumishi, na baba alitoka nje akamsihi. Alitoka kwa ajili yake kama alivyotoka kwa ajili ya mdogo. Vilevile Yesu hakuinuka mezani kwa Simoni kwa hasira. Alisema, "Simoni, nina neno nikuambie," akamwita kwa jina. Katika habari nzima mwenye jina ni yeye, yule mwenye 50.

Jumapili ijayo usijilazimishe kulia. Mfikie kabla ya ibada, msalimie mpaka salamu iishe, umwulize kama amekunywa maji, maana mwezi huu jua ni kali na anapiga ngoma muda mrefu. Kama utaweza hilo tu, na lile zungumzo la kaka yako likasubiri wiki tatu, sitakulaumu.

Na kaka yako mwambie hivi. Zabibu zangu za msimu wa pili zinakomaa mwezi wa nane, nami nahitaji wavunaji. Nauli ya kutoka Bahi nitatoa mimi. Hapa shambani hakuna kilabu karibu, chakula tunakula pamoja, na ujira nalipa jioni ileile.